Mvua Yangu na Jua la Yaya

Nilikataa mara ya kwanza tukila maharagi, nikakataa tena tukinywa chai, na yaya hakusikia hata moja. Yaya ni kaka yangu mkubwa. Anafanya biashara Beni, na mfanyabiashara ukimwambia hapana anafikiri umemtajia bei ya kwanza tu.

Alichotaka ni hiki. Alikuwa amefungua duka la pili la mabati na misumari, na mtu wa kukaa ndani yake alikuwa bado hajapatikana. "Mutu wa kuaminika," alisema, yaani mtu wa familia, yaani mtu ambaye hana mume, hana watoto, na anaonekana hana kazi. Alizungusha macho sebuleni kwetu Bulengera, hapa Butembo, kana kwamba anamtafuta mtu huyo, halafu macho yakatua kwangu. Mama akajifanya anapanga vikombe.

"Hapa unafanyaka nini?" yaya aliniuliza. "Unakalaka mu nyumba tu. Unafuma triko, ukimaliza unacheza banyama bako. Beni kuko maisha. Kuko batu!"

"Njo ile nakimbia," nilimjibu, yaani ndicho ninachokikimbia. "Batu."

Lazima niseme kwamba hakuna alichosema cha uongo. Mimi ni mtu wa nyumba. Safari yangu ndefu ya wiki ni kwenda misa, na hata hiyo ninaijutia nikifika kwenye matope ya kona ya kwanza. Nilimaliza sekondari, nikapewa diploma, diploma ikatundikwa ukutani, mimi nikakaa chini yake, na tangu hapo tuko palepale wote wawili. Lakini chini ya ile diploma kuna mashine ya kufuma, na mashine hiyo inatoa triko za shule, yale masweta ya mikono mirefu ambayo bila hayo mtoto wa Butembo anafika darasani akitetemeka. Mji wetu uko juu, una ukungu, una baridi. Baridi ndiyo mteja wangu wa kwanza, watoto wanafuata nyuma. Beni iko chini kwenye joto. Huko mtu akikuona na triko anakuuliza kama umeshikwa na malaria. Kunipeleka Beni ni sawa na kumpeleka muuza miavuli akauze ndani ya kanisa.

Kwa hiyo ugomvi wetu wa duka ulikuwa, ukiuangalia vizuri, ugomvi wa hali ya hewa. Na huo mimi na yaya tulikuwa tumeuanza zamani sana.

Nilipokuwa bado sekondari, yaya alirudi kutoka Kampala na konsoli mbili za mkononi, za mtumba, moja ina ufa kwenye kioo. Yenye ufa ikawa yangu, sina haja ya kueleza kwa nini. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa kufuga wanyama wa ajabu na kuwapiganisha. Kila mchezaji ana wanyama sita: mmoja yuko nje anapigana, watano wako ndani wanangoja. Nilipoelewa kanuni hiyo niliupenda mchezo papo hapo. Mchezo ambamo karibu kila mtu yuko nyumbani ni mchezo unaonielewa.

Kisha kuna anga. Wanyama wengine wakitokea tu uwanjani, hali ya hewa inabadilika. Mvua ikinyesha, wanyama wa maji wanapata nguvu, na moto unakuwa kama kiberiti kilicholowa. Jua likiwaka ni kinyume: moto unatisha, maji yanakuwa mate. Kuna pia dhoruba ya mchanga, inayomtafuna kila mmoja isipokuwa wa mawe na wa chuma. Lakini hali hizo hazidumu. Zamu chache, inakatika, mpaka mtu ailete upya. Ndiyo maana mchezaji mzuri hapigani na adui tu. Anapigania pia kwamba vita viwe katika hewa yake mwenyewe.

Yaya, hata kabla hajahamia Beni, alichagua jua. Alikuwa na mjusi mwekundu mwenye mbio, akitokea tu jua linawaka, na nyuma ya mjusi kulikuwa na mwewe wa moto anayemaliza kazi. Mimi nilichagua mvua. Nilikuwa na chura mnene, mzito, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa bila sababu. Akitokea, mvua inaanza. Nilimpenda chura yule kuliko baadhi ya ndugu zangu, na sitasema yupi.

Na kwa miaka yote ile sikumshinda yaya hata siku moja.

Sababu yake ni aibu ya Butembo nzima, msinitwishe peke yangu. Kwetu mvua ikianza, kila kitu kinasimama. Muuzaji anafunika vitu vyake na kipande cha turubai, pikipiki zinakimbilia chini ya paa la kwanza linaloonekana, hata zile ndege ndogo za uwanja wa Rughenda zinabaki chini zikiangalia mawingu. Ukichelewa unasema "mvua", na hakuna anayekuuliza neno la pili. Mtu yeyote anaweza kujibanza barazani kwako, hata usiyemjua, hata mliyegombana. Humfukuzi. Mama na jirani yetu walinuniana msimu mzima kwa sababu ya mfereji wa maji machafu. Siku moja mvua ikamkuta jirani mbele ya mlango wetu, akaingia, akapewa kiti, akanywa chai, wakaongea vizuri juu ya bei ya chumvi. Mvua ikakatika, akashukuru, akatoka, na wakaendelea kununiana palepale walipoachia. Mvua kwetu ni mapatano.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa hivyo, umpe mchezo wa vita, umwambie mvua ndiyo silaha yake. Nilikuwa nikimtoa chura, nikisikia ile sauti ndogo ya matone kwenye spika, mkono wangu wenyewe unakwenda kwenye kifungo cha kurudi. Ninamwingiza chura ndani. Ninamtoa mwingine wa kunywa dawa, ninapumzisha watu, ninapanga mambo. Mvua inakatika, ndipo ninatoka kupigana, katikati ya jua la yaya.

"Weye uko bure kabisa!" Yaya alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Mvua ni yako, kisha weye tena njo unaingia mu nyumba! Mutu anaitaka mvua juu ya kujificha?"

"Sasa banaiitaka juu ya nini?" niliuliza, na nilikuwa ninauliza kweli.

Ndivyo tulivyokuwa mpaka Jumapili ile ya maharagi na chai.

Yaya alikuwa na gari la kurudi Beni mchana uleule, na barabara ile haipendi watu wa jioni. Alikuwa ameshampigia simu mwendesha pikipiki, motari kama tunavyowaita, aje amshushe hadi magari yanapopakia. Alitaka jibu kabla motari hajafika. Nikampa la tatu: hapana.

"Mama, umuambie," yaya alisema.

"Mwana wangu," mama aliniambia bila kuniangalia, "yaya yako anakutafutia mazuri."

"Mazuri yake iko na jua mingi, mama."

Yaya alitikisa kichwa kama mtu anayeangalia bidhaa iliyoharibika. "Unajua kupanga mvua ya bongo, ya mu konsoli, lakini maisha yako huwezi panga." Kisha akaiona konsoli yangu juu ya mashine, kando ya uzi wa bluu, na nikaona wazo likimwingia. "Sawa. Tufanye vile. Unipige ku mchezo mara moja. Moja tu! Donc, basi, minanyamaza, mbele ya mama. Hakuna mutu atakuambia tena kitu ya Beni. Mais nikikupiga, unafunika mashine, unapanda gari wiki hii."

Akafungua mfuko wake wa safari akatoa konsoli yake. Mfanyabiashara mzima, baba wa watoto, anatembea nayo katikati ya soksi!

"Nyamuhanga wetu!" mama alipiga kelele, akimwita Mungu kwa jina la wazee. "Munachezea maisha ya mutu na bile bishetani?"

"Maisha ni ya kwangu, mama. Acha niyachezee."

Mtu mwenye akili angekataa. Lakini nilikuwa nimekataa mara tatu kwa kinywa, na kinywa changu katika nyumba ile kina uzito wa uzi wa triko. Nilitaka nikatae kwa kitu ambacho yaya anakiheshimu.

Tulikuwa tunaunganisha konsoli motari alipofika, na mvua imemfuata kama mkia. Aliisukuma pikipiki chini ya ukingo wa paa, akasimama mlangoni akijipangusa uso. Nyuma yake akaingia mama mmoja na beseni la avoka, yaani maparachichi, kichwani, hatumjui, alikuwa anapita tu. Mlango haukufungwa. Huwezi kufunga mlango mbele ya watu wa mvua. Mabati yalikuwa yanalia kiasi kwamba ilibidi kila mtu apige kelele.

"Ni match?" motari aliuliza. "Nani na nani?"

"Beni na Butembo," nilisema. "Butembo ni miye."

"Basi niko na weye. Na weye, vieux, mzee wa Beni, usiogope, nikikupeleka sitakuangusha."

Yaya alimtoa mjusi. Mimi nikamtoa chura. Hapa kuna jambo nililolijifunza peke yangu, nikifikiri huku ninafuma: wanyama wawili wa anga wakitokea pamoja, mwenye mbio analeta hewa yake kwanza, na mzito anakuja nyuma kuweka ya kwake juu. Inayobaki ni ya mwisho. Mjusi akawasha jua lake vizuri, kwa maringo. Kisha chura wangu akafika, akapumua, mvua ikafuta kila kitu.

"Amechelewa njo anapata!" alisema mama wa avoka, ambaye hakuwahi kuuona mchezo huo lakini alikuwa ameshatua beseni. "Bwana yangu naye iko vile ku meza. Anafikaka mwisho, anamaliza sahani."

Na mimi, mbele ya watu wote hao, nikafanya nini? Matone yalilia kwenye spika, mkono ukaenda wenyewe. Nikamwingiza chura ndani.

"Munaona?" Yaya aliinua konsoli yake juu kama ushahidi. "Munaona huyu mutu? Mvua ni yake, na anaikimbia!"

"Mais vieux," motari alimwambia, "mvua inanyesha. Na siye tuko wapi? Si tumeingia?"

Mama wa avoka alicheka sana. Yaya hakucheka. Alingoja mvua yangu ikatike, akamtoa tena mjusi, jua likawaka, na mwewe akaanza kazi. Alinichomea wanyama watatu, mmoja baada ya mwingine. Mama, ambaye alikuwa amesema hataki kuangalia, alikuwa anaangalia juu ya bega langu, na kila mnyama alipoanguka nilimsikia akivuta pumzi. Sikujua anamhurumia nani. Nilibaki na chura, kambare, na kobe wa mawe. Niliiona mashine yangu kwa pembe ya jicho, ina mgongo wa triko umefika katikati, na nikaona namna itakavyokaa kimya.

Lakini yaya alikuwa anaangalia mlango. Alikuwa na gari. Mjusi wa jua kazi yake ni kuwasha jua na kurudi ndani apumzike, ili aliwashe tena zamu nyingine. Safari hii yaya alimtoa aliwashe upya, kisha akamwacha nje aume, apate kumaliza haraka. Kobe wangu akamtupia mawe, na mjusi akalala chali.

"Si kitu," yaya alisema. "Jua bado iko."

Lilikuwepo, ndiyo. Lakini mwenye kuliwasha alikuwa hayupo tena. Lilikuwa jua la mabaki, na mabaki yanaisha. Nikamwacha kobe palepale. Moto haumwumizi sana mtu wa mawe, na kobe akijifungia gambani anajitibu polepole. Mwewe akachoma gamba. Kobe akakaa. Mwewe akachoma tena. Kobe akakaa.

"Toka inje!" yaya alipiga kelele kushinda mabati. "Toka upigane!"

"Sitoki. Kuko jua."

"Unaogopa!"

"Ndiyo, naogopa. Niko mu nyumba. Kuya unitoshe inje."

Nimeambiwa "toka inje" tangu niache kunyonya. Toka upate hewa. Toka uonekane. Toka, utaolewa na nani humo ndani, na panya? Sijawahi kuelewa kwa nini mtu aliye nje anahesabiwa kuwa anafanya kitu, hata kama amesimama kwenye kona akiangalia pikipiki za wengine, na mtu aliye ndani, aliyefuma mgongo mzima wa triko tangu asubuhi, anaitwa mtu asiyefanya kitu. Nusu ya watoto wa mtaa wetu wanakwenda shule ndani ya kazi yangu. Wao wako nje. Mimi nimewatangulia huko bila kuvaa viatu.

Mchezo ukaandika kwamba jua limekatika.

Nikamtoa chura. Alikuwa mzima kabisa, hana alama hata moja mwilini, kwa sababu maisha yake yote nilikuwa ninamficha. Mvua ikaanza kwenye spika, na juu ya mabati nayo ikazidi, mpaka sikujua tena ninasikia ipi.

Yaya akatabasamu. "Ingia sasa," alisema, karibu kwa upendo. "Ingia, dada yangu. Nakungoja."

Ananijua huyu mtu. Alijua kwamba mvua ikianza nitamrudisha chura, kama nilivyofanya siku zote, kama nilivyofanya saa ileile mbele ya mashahidi. Kwa hiyo hakujikinga, wala hakushambulia. Zamu ile aliitumia kumnoa mwewe kucha, ili atakapochoma tena achome mara mbili. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kifungo cha kurudi. Nilikiangalia. Nikakiona kilivyo kitiifu, na nikakasirika, nadhani kwa mara ya kwanza katika mchezo ule. Niliwaza duka la mabati ambamo mabati yenyewe hayapigwi na mvua.

Nikakisogeza kidole.

Chura wangu, ambaye hakuwahi kumpiga mtu katika mvua yake mwenyewe, alifungua kinywa. Maji yaliyotoka yalijaza kioo chote hadi kwenye ufa. Mwewe aliondoka na kucha zake zilizonolewa. Yaya akamtoa mwingine wa moto, akaenda vilevile. Kila aliyetoka alikuta mvua, na katika mvua ile mlango wangu ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa nje yake. Wa mwisho alikuwa mdogo, wa majani, ambaye hakupaswa kuogopa maji, na kweli alimwangusha chura. Nikamtoa kambare. Mvua ilikuwa imebaki na zamu moja, na radi kwenye mvua haikosei. Kambare akaita radi.

Wa majani akaanguka, na yaya akaweka konsoli mezani.

"Butembo!" motari akalia, akigonga tanki la pikipiki. Mama wa avoka alipiga makofi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umeshinda, si ndiyo?"

"Ulitoka," yaya alisema. Alikuwa ananiangalia kama ameona mashine ya kufuma ikitembea. "Mvua ilinyesha, ukatoka."

"Natokaka wakati minataka miye."

"Tucheze ingine. Ile ya kwanza nilikuwa na haraka."

"Mara moja, yaya. Ulisema moja, mbele ya mama."

"Na mbele yetu," alisema mama wa avoka.

"Mama, nyinyi muko batu ya mvua tu!" yaya alimwambia. "Mulikuya kujificha!"

"Njo tuko hapa," alijibu, akaketi vizuri zaidi.

Yaya alimgeukia mama yetu, na mimi pia. Mama alikuwa ameshika kitambaa kikubwa cha maua, kile anachofunikia vitu wakati wa msiba au wa safari. Sikujua ameshakitoa kabatini saa ngapi. Alikiangalia mkononi kama hajui kimefikaje, akakikunja, akafutia chai iliyomwagika mezani. "Gari ya Beni haitakungoja," akamwambia yaya.

Mvua ilikuwa bado haijaisha. Yaya alikuwa na shati la Beni, la mikono mifupi, jepesi. Nikatafuta katika rundo langu triko kubwa kuliko zote, ya mwanafunzi mmoja mrefu ambaye wazazi wake hawakurudi kuichukua. Bluu, yenye mstari mweupe shingoni. Aliikataa mara moja, akaikataa tena, kisha upepo ukaingia mlangoni akaivaa. Mikono ilimwishia juu ya viwiko kidogo tu. Alipopanda nyuma ya motari alifanana na mtoto aliyerudia darasa mpaka akaota mvi.

"Nitakurudishia," alisema.

"Usirudishe. Uivae Beni."

"Beni hakuna mutu anavaa triko!"

"Njo ile nilikuwa nakuambia tangu kwa maharagi."

Motari alicheka, pikipiki ikashika, na wakateremka kwenye matope, yaya amenyoosha miguu pembeni kama kunguru. Sikusimama kuwaangalia hadi kona. Kulikuwa na baridi. Nilimpa mama wa avoka kikombe cha chai, nikarudi chini ya diploma yangu, nikakuta mgongo wa triko umeningoja katikati palepale. Niliumaliza kabla mvua haijakatika, nikaanza mkono wa kushoto.